Mfungo Pili: mume wa kwanza wa nyanya na vita vya Burma

Mume wa kwanza wa nyanya yangu alikufa Burma, yaani Myanmar ya leo, mapema Novemba 1944. Habari za kifo chake zilifika Majengo, Mombasa, karibu na mwisho wa Machi 1945. Muda wote huo nyanya aliishi kama mke wa mtu. Alipika, alicheka na mashoga zake, alikwenda Maulidi, na baada ya Idd Kubwa alihudhuria harusi ya binamu yake, akapakwa hina mikono na miguu na kujifukiza udi. Anayejua mambo ya eda, ule muda wa mjane kukaa ndani bila mapambo, atafahamu kwa nini jambo hilo lilimkaa rohoni hadi uzeeni.

Marehemu hakuwa sajini wala koplo. Alikuwa askari wa miguu wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mwenye bunduki moja na mzigo mgongoni, na hakuna kitabu cha vita kitakachomtaja. Kwangu si damu, kwa sababu nyanya aliolewa tena na babu yangu, nasi wengine wote tukatoka huko. Lakini alimwachia nyanya binti mmoja, mama yangu mkubwa, na kwa ajili yake ndipo nilipoanza kumfuatilia. Jina lake silitaji hapa. Jamaa zake wapo Likoni mpaka leo na sikuwaomba ruhusa.

Kabla ya jeshi alikuwa kuli Kilindini. Ndege za Wajapani zilipoipiga Colombo mwezi wa Aprili 1942, Waingereza walizihamishia meli zao za kivita za upande wa mashariki hapa kwetu, na bandari ikafurika. Majengo ya skuli ya Allidina Visram yalichukuliwa na wanamaji, ndani yake wakakaa watu wa kunasa mawasiliano ya Wajapani na kufumbua siri zao. Nyanya hakuyajua hayo. Alichokijua ni kwamba usiku taa zilizimwa mji mzima, bei ya mchele ikapanda, na mumewe akarudi siku moja akasema ameandikishwa. Nia yake ilikuwa kuweka akiba, anunue mashua na nyavu, arudi Likoni avue kama babake. Sijapata kumsikia nyanya akitaja sababu nyingine, wala ya Mfalme wala ya Hitla.

Aliondoka na meli katikati ya mwaka 1943, nyanya akiwa na mimba. Kitu kimoja alichokishika nyanya kuhusu sare yake ni kichwa cha kifaru begani. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni hadithi tu. Baadaye nikaja kujua kwamba kichwa cha kifaru ndicho kilichokuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa Februari 1943 kwa askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), ikapelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kufundishwa vita vya msituni. Kwa neno hilo moja la mwanamke asiyejua kusoma, nikawa nimeshajua yuko jeshi gani.

Februari 1944 kulikuwa na hofu kubwa mjini. Meli iitwayo Khedive Ismail ilitoka Kilindini kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives tarehe 12, ikazama kwa dakika chache tu, wakafa zaidi ya watu 1,200. Wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Serikali haikutangaza, ila bandari haina siri, na wanawake waliokuwa na waume jeshini walipita nyumba kwa nyumba wakiulizana. Nyanya alijua kuwa wake alishavuka zamani, lakini alilia pamoja na wenzake kwa siku kadhaa. Barua ilipokuja baada ya hapo, yenye salamu na maneno ya afya na mvua, alimpa msomaji aisome tena na tena. Mahali hapakutajwa. Barua za askari zilikaguliwa, na aliyeiandika alikuwa mwenzake mwenye kisomo, kwa hiyo hata mambo ya mke na mume hayakuwamo.

Siku ya habari, tarishi wa serikali alikuja alasiri na karatasi ya Kizungu. Nyanya alikuwa uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Jirani mmoja aliyesoma skuli ya misheni ndiye aliyeitwa kufasiri. Alisoma jina, akasoma namba, akasoma tarehe, kisha akanyamaza, na nyanya akaelewa kabla hajaambiwa. Alipenda kusema kwamba yule kijana aliposhusha ile karatasi aliikunja vizuri sana, kama mtu anayeikunjia shati ya mwenziwe.

Wazee wakamwita sheikh wa mtaa. Hapo ndipo hadithi hii inapokuwa ya nyanya zaidi kuliko ya jeshi. Sheikh aliuliza tarehe, akaigeuza kwa mahesabu ya mwezi mwandamo, akasema marehemu amefariki Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, nayo huanza siku mume aliyofariki, wala si siku mke aliyopata habari. Mfungo Pili hadi Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, miezi minne imekwisha na siku kumi zimepita. “Huna eda, mwanangu,” alimwambia. “Imekwisha wewe hujui. Na usilolijua huandikiwi.”

Watu walidhani wamempunguzia mzigo. Mwanamke wa mji huu aliyefiwa hukaa ndani, havai vya kupendeza, hatii manukato wala hina, na watu huja kumkalia. Yale makao ndiyo yanayompa nafasi ya kulia. Nyanya alinyimwa hata hayo. Aliambiwa ni mjane aliyekwisha kuwa huru, anaweza kuposwa kesho. Nilipokuwa kijana alinishika mkono akaniambia, “Nalijipaka hina mwanangu, nami mjane. Yeye yuko mchangani, mie nanukia udi.” Nikamkumbusha maneno ya sheikh, akasema anayajua, na dhambi haimsumbui. Hakupaka hina tena maisha yake, hata alipoolewa na babu.

Ijumaa iliyofuata marehemu aliswaliwa sala ya maiti ghaibu msikitini, ikasomwa hitma, na mambo ya dini yakawa yamekamilika. Yaliyobaki yalikuwa ya serikali. Kuna ofisi moja iliyomzungusha kwa malipo ya mumewe mpaka akachoka, na kwenye mizunguko hiyo ndimo ile karatasi ya Kizungu ilimopotea. Hakupoteza kitu kingine. Mwezi aliushika: Mfungo Pili, mwaka ambao Idd Kubwa yake ndiyo iliyokuja na ile harusi.

Vita vilipokwisha na askari wakaanza kurudi, alikuja mwenzake wa kombania moja, mtu wa Kisauni. Huyo nilimuwahi. Alikuwa mzee mrefu, macho yameingia ndani, anakunywa kahawa chungu barazani kwetu na kuondoka bila kuaga. Kwa nyanya alikuwa amesema maneno mafupi: alikufa papo hapo, hakuteseka, tulimzika Kiislamu. Wanaume wa barazani aliwaeleza zaidi, na nilipokua nikamkalia mwenyewe nikamuuliza.

Alinieleza bonde la Kabaw. Divisheni yao ilishika njia kutoka Tamu mwezi wa Agosti 1944, masika ya kule yamepamba moto. Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la 14, alikuwa ameamua kwamba Wajapani walioshindwa Imphal na Kohima, upande wa India, wasipewe nafasi ya kupumua, wafuatwe hivyo hivyo ndani ya mvua. Kwa mwenye ramani ni uamuzi wa busara, na huenda uliokoa maisha ya wengi. Kwa askari wa miguu maana yake ilikuwa matope ya magotini, magogo yakatwe na kulazwa barabarani ili malori yapite, na malori yenyewe yazame. Chakula kilitupwa na ndege kwa parashuti, na kulipokuwa na mawingu mazito hakikuja. Kila siku walimeza vidonge vya malaria mpaka ngozi zikawa za manjano. Kulikuwa na homa nyingine iliyoletwa na utitiri wa vichakani, nayo iliwaogopesha kuliko risasi kwa sababu mtu aliyekuwa mzima aliugua ghafla, na wengine hawakupona. Wajapani walikuwa wachache, wamejichimbia juu ya vilima, na kila kilima kililipiwa kwa watu.

“Miguu,” mzee aliniambia. “Vita vile vilikuwa vya miguu.” Nyayo zilikuwa nyeupe kama za maiti aliyeoshwa, ngozi inabanduka na soksi. Mapema Novemba mvua zilikuwa zimeanza kukata, wao wako njiani kuteremka kuelekea Kalemyo. Walisimama kando ya kijito kilichojaa wakingoja zamu ya kuvuka. Jua lilitoka. Marehemu alivua buti, akazianika juu ya jiwe, akanyoosha miguu juani, akasema kwamba akirudi hatavaa kiatu tena, mvuvi havai kiatu. Likaja kombora la mota. Mzee wa Kisauni alikuwa amekwenda nyuma ya mti kujisaidia, ndipo akapona.

Walimzika kando ya njia pamoja na wengine wawili. Sanda ilikuwa kitambaa cha parashuti. Zile buti zilichukuliwa na askari mwingine ambaye zake zilikuwa zimeoza. Mzee aliposema hilo aliniangalia usoni kuona kama nitamlaumu. Sikumlaumu. Nilimuuliza tu kama zilimfaa huyo aliyezichukua. Akasema zilimfaa, na alifika nazo Kalewa.

Mzee huyo naye aliniambia jambo lililokuwa limemkera nyanya miaka yote. Alipomweleza jinsi walivyomlaza kaburini, ubavu wa kulia, uso magharibi, nyanya alishtuka. Hapa Mombasa kibla ni kaskazini. Makaburi yetu yote yameelekea kaskazini, misikiti yetu yote hivyo hivyo, na nyanya hakuwahi kuswali mahali pengine. Aliogopa kwamba wamemzika vibaya kwa haraka, akaona haya kumuuliza mwanamume aliyemzikia mumewe. Mwishowe tulikaa tukafungua ramani ya dunia ya skuli. Nikamwekea kidole chake juu ya Mombasa, nikakipandisha moja kwa moja hadi Makka. Kisha nikakiweka Burma, nikakivutia kushoto, juu ya Bara Hindi, hadi Makka. Magharibi. Alirudia mwenyewe mara mbili, akasema “Alhamdulillahi,” akaenda zake jikoni. Katika yote niliyopata kumfanyia nyanya, hilo ndilo ninaloshukuru zaidi.

Vitabu vingi nilivyopata kuhusu vita vya Burma vinaeleza nani aliamuru nini, na kikosi kipi kilifika wapi. Ni elimu ya maana, nami nimeitumia. Lakini maswali ya nyumbani yalikuwa mengine: alikufa mwezi gani, ameswaliwa, ameelekezwa wapi, alikuwa na nini mwilini. Nilianza kwa kuyachukulia kama majonzi ya mwanamke mzee. Kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoona kwamba majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyonipa ushahidi wote nilio nao. Kifaru alinipa divisheni. Kijito, magogo na vidonge vilinipa bonde. Uso magharibi ulinihakikishia kwamba aliyesimulia alikuwepo kweli kaburini, maana mtu wa Mombasa anayetunga angesema kaskazini.

Mwezi nao ulinifungulia mlango wa mwisho. Nyumbani kwetu ilizoeleka kusemwa kwamba alifia kwenye daraja kubwa. Hilo daraja lipo katika historia: liliwekwa juu ya mto Chindwin pale Kalewa, likakamilika tarehe 10 Desemba 1944, lina urefu wa zaidi ya mita 350, na wakati huo ndilo lililokuwa daraja refu kupita yote ya aina ya Bailey, yaani ya vipande vya chuma vya kuunganishwa, duniani. Lakini Mfungo Pili wa mwaka 1363 wa Hijria ulianza katikati ya Oktoba na kwisha katikati ya Novemba 1944. Kalemyo yenyewe ilichukuliwa katikati ya Novemba, na Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Kwa hiyo daraja ni la mzee wa Kisauni, ambaye alilivuka na kulisimulia mpaka likaingia ndani ya hadithi ya mwenzake. Marehemu hakuliona. Kifo cha kando ya kijito, umevua buti, watu hawakijui wakitie wapi. Daraja kubwa linasimulika.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina kwenye intaneti, bure kwa kila mtu. Nilimtafuta humo kwa jina kama tunavyoliandika sisi, hakuwemo. Ikabidi nifikirie sikio la karani. Karani Mzungu, au karani wa bara asiyejua majina ya pwani, alimwandika mtu kama alivyomsikia: Khamis akawa Hamisi au Hamis, Suleiman akawa Selemani, l na r zikabadilishana, “bin” mara ikaachwa. Ukoo hakuuliza. Jina na la baba, basi, na majina yetu ya Kiislamu ni yale yale kwa maelfu ya watu kuanzia Lamu hadi Lindi. Nilipojaribu tahajia mbalimbali nikapata watu kadhaa. Mmoja tu ndiye aliyekufa ndani ya Mfungo Pili, tena yuko katika kikosi cha Keya kilichokuwa ndani ya divisheni ile ya kifaru. Kama nyanya asingeushika mwezi, ningekuwa bado nawaangalia wote bila kujua nimchague nani.

Jina lake limechongwa kwenye Mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya vita ya Taukkyan nje ya Yangon, pamoja na majina ya karibu watu 27,000 ambao makaburi yao hayajulikani. Baada ya vita maiti za vichakani zilitafutwa na kukusanywa kwenye makaburi makubwa, lakini kaburi la kando ya njia, katika msitu unaoota upya kila masika, mara nyingi halikuonekana tena.

Hapa mjini tunao Mnara wa Askari, Barabara ya Jomo Kenyatta. Ni wa vita vya kwanza, vya 1914 hadi 1918, na maandishi yake yanawataja askari na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, yakiahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Askari wa shaba wamesimama pale juu. Jina hata moja halipo. Tume yenyewe ilikiri katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya laki moja waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kutajwa kwa majina. Kila ninapopita pale na matatu nawafikiria wale wapagazi, ambao wajane wao nao walihesabu miezi, na hakuna karani aliyeandika hata kwa kukosea. Mume wa nyanya alipata bahati ya kuandikwa vibaya.

Mama mkubwa ana miaka zaidi ya themanini sasa. Babake hakuwahi kumwona. Nilipompelekea jina kwenye simu alilivuta karibu na macho, akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akasema, “Hili jina la babangu wamelikosea.” Ni kweli, herufi mbili si zenyewe. Nikamweleza kwamba Tume hupokea maombi ya masahihisho kutoka kwa jamaa, ikiwa kuna ushahidi. Akaniuliza ushahidi gani utatosha. Tumeanza na cheti chake cha ndoa, ambacho kina jina la baba jinsi alivyoliandika kadhi, na cheti chake cha kuzaliwa, kilichotolewa baadaye kwa kiapo cha nyanya. Jamaa wa Likoni wametuahidi karatasi ya shamba ya baba wa marehemu. Mama mkubwa anataka ombi liandikwe kwa Kiswahili kwanza ndipo litafsiriwe, na mwezi utajwe mara mbili, wa Kizungu na wetu. Nimemwandikia hivyo.